Socrates alikataa kutii, halafu akakataa kutoroka. Alijipinga?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, nisaidieni. Nimesoma utetezi wa Socrates, mwanafalsafa wa Athens, ulioandikwa na mwanafunzi wake Plato, nikaunganisha na mazungumzo yake na rafiki yake Crito gerezani, alipokuwa akisubiri kuuawa, na tangu juzi sina raha. Mahakamani, mwaka 399 KK, anatamka wazi kwamba wakimwachia kwa sharti la kuacha falsafa, atamtii mungu kuliko wao. Gerezani, Crito kaja alfajiri, fedha za kumtorosha zipo, naye anakataa: sheria za Athens zimemlea kama mzazi. Sasa sheria ni ya kutiiwa au siyo? Nampenda mzee huyu, ndiyo maana linaniuma.

Hoja Kwanza:
Ndugu, usiiruke habari ya Leon. Wale Thelathini, kundi la watawala thelathini, walipoitwaa Athens, walimwita Socrates na wenzake wanne, wakawaamuru wakamlete Leon kutoka Salamis auawe. Wanne wakaenda. Socrates akashika njia ya nyumbani kwake. Basi. Ukimwamuru adhulumu, hafanyi. Ukimdhulumu yeye, halipizi. Kutoroka alikuona ni kulipiza.

Msomaji wa Usiku:
Lakini Thelathini walikuwa madhalimu. Mahakama iliyomhukumu ilikuwa halali.

Hoja Kwanza:
Basi rudi 406 KK, chini ya demokrasia. Umma ulitaka majemadari wa vita vya majini vya Arginusae wahukumiwe wote kwa mkupuo, kinyume cha sheria. Socrates alikuwa zamu barazani, akapinga, huku watu wakipiga kelele akamatwe. Hapo aliitetea sheria dhidi ya wananchi wenyewe.

Binti wa Maktaba:
Naongezea upande wa dini. Kabla ya kesi yake anakutana na Euthyphro, anayemshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua aliyefungwa kamba na kutupwa shimoni, akafa kwa njaa na baridi. Euthyphro ana hakika ndivyo miungu itakavyo. Socrates anamuuliza: jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa hupendwa? Kwa hiyo anaposema atamtii mungu, usidhani ni utii wa kufumba macho.

Msomaji wa Usiku:
Asanteni, la Leon limenifungua. Limebaki moja. Katika maneno ambayo Socrates, mbele ya Crito, anaziwazia sheria zikimwambia, raia azishawishi au azitii. Socrates mwenyewe aliwaambia mahakimu kuwa kesi ya kifo isingeamuliwa kwa siku moja, angewashawishi. Alipewa hiyo siku moja tu.