Mbweha London wanapiga kelele usiku, ni kawaida?

Mtanga_Lewisham: Wakuu habari, nimehamia London juzijuzi, jana saa nane usiku nikasikia ukelele nje kama mtu anakabwa, nachungulia dirishani naona mnyama mwekundu mkia manyoya tele kakaa juu ya gari la jirani ananiangalia wala hana habari. Mwenye nyumba anasema ni mbweha tu, nilale. Hivi mjini kabisa? Hawaumi? Nina mtoto mdogo.

MzeeBaba: Karibu mjini mkuu 😂 Januari ndo msimu wao wa kupandana, hapo utasikia majike wanavyolia mpaka nywele zisimame, ikifika Machi wanazaa kelele zinapungua. Na sio wageni hao, walianza kuingia vitongojini miaka ya 1930 zilipojengwa nyumba zenye bustani, kujificha kupo, chakula kipo, watoke wafate nini?

Dada Zuu: Kuuma ni nadra sanaa ila mlango wa bustani usiuache wazi usiku. Na viatu usiache nje wanaiba, kandambili yangu niliikuta kwa jirani imetafunwa. Msosi usiwape hata wakikuangalia kwa huruma.

Mtanga_Lewisham: Kichaa cha mbwa je? Kwetu mnyama wa porini akikuzoea hivyo tunakimbia!

MzeeBaba: Mbweha wa huku hawana, kwa wanyama wa nchi kavu kiliisha 1922, labda popo wachache ndo wana kirusi cha jamii hiyo. Upele ndo unawamaliza, ukimuona kapukutika manyoya mkiani ujue ndo huo.