Bunduki ya Oerter ya 1775: ule waya wa fedha kwenye kitako waliuingizaje?

fundi_mbao: Wakuu habari za jioni. Mimi kazi yangu ni useremala, na siku hizi naangalia sana picha za bunduki ndefu za Marekani za zamani, zile za kushindilia baruti kwa mdeki kama magobore yetu. Nimenasa kwenye moja ya fundi anaitwa Christian Oerter, kaitengeneza 1775 huko Christian's Spring, Pennsylvania, kwenye makazi ya Wamoravian, ndio hao hao waliokuja kufungua misheni Rungwe 1891. Ule mwaka kauchora kwenye chuma. Sasa mbao yake ina njumu ya waya, nyembamba balaa, inajikunja kunja na sioni gundi wala msumari. Waliingizaje bila mti kupasuka? Na ile michirizi kwenye mbao ni rangi au ndo mti wenyewe?

patasi_kali: Mkuu huo sio waya wa duara, ni utepe. Unaufua mpaka uwe bapa, halafu pembeni unaukwaruza na tupa ili upate meno ya kushikia. Baada ya hapo unachukua kijipatasi chembamba kama wembe unachanja kwa kufuata mchoro wako, na hapo ndo penye siri, HUTOI mbao hata kidogo, unazitenganisha tu nyuzi. Utepe unasimamishwa kwa ukingo ndani ya ule mchanjo, unagonga taratibu na kinyundo kidogo, ukimaliza unalowesha na maji. Mti unavimba unaubana. Ukikauka unapitisha tupa mpaka mkono usisikie mwinuko wowote. Kwenye kona kali unatumia patasi fupi zaidi, hatua kwa hatua, ukiwa na haraka mbao inamegeka na hapo huna pa kujificha.

Mama Makumbusho: Michirizi ni ya mti jamani. Ni mepo (maple, mti wa huko Marekani) ambayo nyuzi zake zimeota kwa mawimbi, ila fundi ndo anaiamsha. Wanayeyusha vyuma kwenye tindikali ya nitriki, wanapaka, kisha wanasogeza kwenye makaa na kahawia inajitokeza pale pale unaangalia, sehemu zinazonyonya zaidi zinakuwa nyeusi zaidi. Halafu mafuta ya kitani. Na hiyo ya Oerter ina mkasa wake, iliibiwa kwenye maonyesho ya Valley Forge, Pennsylvania, 1971, watu wakaja kuionyeshwa tena Philadelphia 2019. Miaka 48! Mie nilifurahi mno, maana zilizo na saini na tarehe za kabla ya uhuru wao ni chache sana.

Gumegume: Naongezea. Chanzo chake ni mafundi wa Kijerumani, kwao bunduki ya uwindaji ilikuwa fupi na nene, wakafika Pennsylvania wakarefusha mtutu na kupunguza tundu ili risasi na baruti kidogo zitoshe. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, ndo inafanya risasi iende ikijizungusha na kulenga mbali. Jacob Dickert wa Lancaster, huko huko Pennsylvania, alikuwa mmoja wa wakubwa. Ila nakshi zilikolea zaidi baada ya vita vya uhuru, kuanzia miaka ya 1780 hivi, kile kisanduku cha kitako chenye mfuniko wa shaba kikawa kinatobolewa na kuchorwa kila fundi na mtindo wake. Kwa hiyo hata isiyo na jina, wajuzi wanaangalia mkunjo wa kitako na hicho kisanduku wanakwambia hii ni ya Lancaster, hii ya bonde la Lehigh. Kwangu mimi nakshi ndo saini yenyewe, jina kwenye mtutu ni nyongeza tu.

fundi_mbao: Asanteni sana aisee, nimeelewa vizuri. Nataka nijaribu kwenye mninga, mnaonaje?

patasi_kali: Mninga nyuzi zake mara nyingi zinapishana, mchanjo utakukimbia. Anza na kipande cha kutupa, kikavu kabisa, chora mkunjo mmoja mpana tu. Fedha ni laini inakusamehe, shaba inakuwa ngumu ukiifua kwa hiyo ipashe moto katikati ya kazi. Na patasi inoe kila baada ya muda mfupi, ikiwa butu inasukuma mbao badala ya kuichanja.

Mama Makumbusho: Ukimaliza tupia picha hapa, hata kama mkunjo umeenda upande.