Mjadala: anayeanza kujifunza programu aruhusiwe AI ya kumwandikia kodi (code, yaani maagizo ya programu), au asubiri kwanza?

Wadau, kuna ndugu hapa juu kasema kijana asiguse kabisa hizi AI za kuandika kodi mpaka amalize mwaka mzima akiandika kwa mkono wake. Mimi nakataa, na nitasema kwa nini.

Juzi kijana ninayemfundisha hapa Mombasa alikua anamjengea mamake duka la mtandaoni, mama anauza madera. Akaiambia AI imuunganishie malipo ya M-Pesa kwa Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, dakika chache faili zimejaa, STK push, lile ombi la kuweka PIN, ikatokea kwenye simu, kijana kafurahi kweli. Nikamwambia sasa usiweke PIN, kanseli. Akakanseli. Duka likaandika IMELIPWA! Tukafungua faili pamoja, kumbe ile kodi inaangalia ResponseCode 0 tu, lile jibu la kwanza la Daraja, na hiyo 0 maana yake ombi limepokelewa, basi. Kama mteja kalipa au la inakuja baadae kwenye callback, ujumbe wa matokeo ambao M-Pesa inalitumia duka, kwenye ResultCode, na aliyekanseli inarudi 1032. Lingeenda hewani vile mama angepeleka madera bure.

Najua mtasema si umeona mwenyewe. Nimeona, lakini huyu kijana nilimchorea callback ubaoni wiki mbili haikuingia, siku ile akakaa na AI ileile akaiuliza mstari kwa mstari mpaka akairekebisha mwenyewe. Na mie nilikua kando yake. Aliye Kwale huko hana mwalimu wala hela ya kozi, mkimpiga marufuku mnamwachia nani?

Mwengine kaleta ule utafiti wa 2025 wa METR, taasisi inayopima uwezo wa AI, kwamba maprograma 16 wazoefu walitumia muda zaidi kwa 19% wakiwa na AI huku wenyewe wakidhani wameenda mbio. Ni kweli, ila wale walikua kwenye miradi yao waliyoizoea miaka, sio mtu anayeanza. Mimi ninachokiona cha maana pale ni hilo la kudhani, kwa sababu mzoefu akijidanganya hivyo, mgeni je?

Kwa hiyo nawaanzisha hivi: kabla AI haijagusa kitu piga git commit (hifadhi kodi ilivyo ili uweze kuirudia), iombe ikueleze mpango kwanza kabla haijaandika, kazi iwe ndogo, fanksheni moja, halafu soma git diff yote (mistari iliyobadilika) na mstari usioweza kunieleza kwa Kiswahili unafutwa. Ile seting ya kukubali kila kitu yenyewe izimwe. Na funguo za siri za Daraja usizipesti kwenye chati hata siku moja, hilo sina mchezo nalo.

Sasa nyie mnaotaka mwaka mzima bila AI, huyo mtoto akikwama saa nne usiku na eraa asiyoielewa, na hapo mtaani hakuna programa hata mmoja, mnamwambia afanye nini?