Naomba ushauri: wikiendi moja ya sanaa mjini, saa zinagongana

Wadau, naombeni ushauri. Tuko watu sita, tuna Jumamosi na Jumapili tu, na tunataka maonyesho mawili ya picha, tamthilia moja na muziki wa jukwaani.

Kinachosumbua ni saa. Bango linaandika saa 1 usiku, kumbe mara nyingi hiyo ni saa ya kufungua milango. Wanamuziki wanaweza kupanda jukwaani saa nzima baadaye. Tamthilia ni kinyume. Taa zikishazimwa, aliyechelewa husubirishwa nje hadi mapumziko, na tamthilia ya dakika 70 huenda haina mapumziko kabisa. Kwa hiyo naiweka tamthilia kwanza, muziki baadaye, na kuacha dakika 45 za njiani. Zinatosha, au niongeze?

Kumbi za picha nazo zina mtego wake. Kati ya onyesho moja na jingine ukumbi hufungwa siku kadhaa: matundu ya misumari yanazibwa, kuta zinapakwa rangi, kazi mpya zinatundikwa. Tovuti huku bado inasema pako wazi! Nyie mnahakikishaje, kwa kupiga simu au kupitia kurasa za wasanii wenyewe?

Halafu usiku wa uzinduzi. Msanii yupo, unaweza kumuuliza lolote, ila watu wanavyobanana hata michirizi ya brashi huioni. Twende usiku huo, au turudi kesho yake asubuhi kukiwa kimya? Mwenye kujua saa ambayo umati hupungua, tafadhali anielekeze.