Mtoto kapewa sifuri kwa jibu sahihi, mwalimu ndiye aliyeligeuza swali

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na sitaificha. Mtoto wa kaka yangu ninaishi naye, yuko kidato cha sita, anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Wiki iliyopita karudi na karatasi ya jaribio la hesabu. Swali la uwezekano limepigwa X nyekundu kutoka juu mpaka chini, 0 kati ya 8, na pembeni mwalimu kaandika: "Soma swali!!"

Swali lenyewe hili hapa. Ugonjwa fulani unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hakimkosi mgonjwa hata mmoja, lakini katika kila watu 100 wasioumwa, 5 nao hupewa jibu chanya. Mtu yeyote tu, hana dalili, kapimwa, jibu limetoka chanya. Je, kuna uwezekano gani kwamba anaumwa kweli?

Kijana kaandika karibu asilimia 2. Mwalimu kasahihisha: asilimia 95.

Mtoto yuko sahihi. Kabla hamjaanza kunibishia, hesabuni pamoja nami, haihitaji hata kanuni. Chukua watu 1,000. Mgonjwa kati yao ni 1, na kipimo kinamwona. Wamebaki 999 ambao ni wazima. Asilimia 5 ya hao ni karibu watu 50, nao wanaambiwa wana ugonjwa. Kwa hiyo waliotoka na jibu chanya ni 51, na anayeumwa kati yao ni mmoja. Moja kwa hamsini na moja. Kidogo chini ya asilimia 2. Kijana aliyaandika haya yote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko safi. Sifuri.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikaenda shuleni. Nilikwenda kwa adabu, nikamsalimia mwalimu, nikamwonyesha karatasi. Akatoa karatasi ya majibu iliyochapwa, imeandikwa 95. Akaniambia, "Dada, kipimo kinakosea asilimia 5, maana yake kinapatia asilimia 95. Hapo ubishi uko wapi?" Nikamuuliza: asilimia 95 ya nani, mwalimu? Ya wazima waliopimwa, au ya waliopata chanya? Akasema ni kitu kilekile. Kisha akasema nimfundishe kijana wangu kuheshimu walimu.

Si kitu kilekile! Mimi kazi yangu ni takwimu za kaya, mwaka wa kumi na moja huu natembea na dodoso, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuliza "asilimia ya nani?" kabla ya kuandika chochote. Ile 95 ni ya wazima: ukiwapima wazima 100, 95 wataambiwa hawana kitu. Swali halikuuliza hivyo. Swali limemshika mtu ambaye jibu chanya tayari liko mkononi mwake, likauliza yeye ni nani. Mwalimu kajibu swali ambalo hakuliuliza, halafu akamwandikia mtoto "soma swali".

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa, kwa sababu mantiki wameifundisha darasa hilohilo. Madaftari yapo, nimeyasoma. Jedwali la ukweli limechorwa kwa rula, safu nne, kijana analitaja akiwa amefumba macho: "kama p basi q" (p na q ni sentensi zozote mbili) inakuwa uongo mahali pamoja tu, pale p ni kweli na q ni uongo. Wamefundishwa kwamba "kama p basi q" haikupi ruhusa ya kusema "kama q basi p". Mvua ikinyesha, barabara inalowa. Umekuta barabara imelowa, je, mvua imenyesha? Sisi tunaokaa kwenye barabara inayojengwa tunajua: boza la mkandarasi limepita kumwagia vumbi. Ruhusa unayo kwa upande mmoja tu: ukikuta barabara ni kavu kabisa, basi mvua haijanyesha muda huu.

Hilo la barabara mwalimu akikuuliza ubaoni utampa jibu sahihi na atakupongeza. Lakini "mgonjwa akipimwa anapata chanya" analigeuza kuwa "aliyepata chanya ni mgonjwa" bila kushtuka, eti kwa sababu sasa kuna asilimia ndani na somo limebadilika jina. Mantiki inafundishwa kama mada moja, uwezekano kama mada nyingine, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba kosa ni lilelile.

Nimepeleka suala kwenye kundi la wazazi, nikaambiwa "mwalimu ndiye anayejua". Kundi hilohilo mwezi uliopita lilipokea tangazo la shule: katika kila wanafunzi 10 waliopata daraja la kwanza, 9 walihudhuria masomo ya ziada ya jioni, hivyo mzazi lipa. Wazazi wakalipa. Nami nililipa, kwa sababu mtoto alitaka kukaa na wenzake. Lakini jamani, asilimia ya nani? Tuseme darasa lina wanafunzi 200, na 180 wanahudhuria jioni. Daraja la kwanza wamepata 20, kati yao 18 ni wa jioni. Tisa kwa kumi, tangazo ni kweli tupu. Sasa geuza uangalie: 18 kati ya 180 ni asilimia 10. Na wale 20 wasiohudhuria, waliopata daraja la kwanza ni 2, nao ni asilimia 10. Masomo ya jioni hayajaongeza hata nukta, na tangazo halijasema uongo wowote. Sisemi ndivyo ilivyo hapo shuleni, nasema tangazo lile haliwezi kukuambia. Wangetuletea hesabu ya waliohudhuria wakafeli, tungejua.

Najua kuna atakayesema hizi ni alama 8 tu za jaribio, nimekuza mambo. Basi nisikilizeni.

Uingereza kulikuwa na mwanasheria, mama mmoja, Sally Clark. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa mchanga mwaka 1996, wa pili mwaka 1998. Wakamshtaki kwa kuwaua. Mahakamani daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, akasema kwamba kwa familia kama ile, uwezekano wa watoto wawili kufa vifo vya ghafla visivyo na maelezo ni 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo aliipataje? Alichukua 1 kati ya 8,543 ya kifo kimoja akaizidisha kwa yenyewe. Kama vile watoto wale hawakuwa ndugu wa damu moja, kama vile hawakulala nyumba moja! Kama kuna kitu katika damu kilichomchukua wa kwanza, kinaweza kumfikia na wa pili. Kuzidisha kunaruhusiwa pale matukio hayahusiani, na kila mwanafunzi wa kidato cha sita ameliandika hilo daftarini.

Hilo kosa la kwanza. La pili ndilo la mwalimu wetu. Namba ile, hata ingekuwa sahihi, inasema vifo viwili vya namna hiyo ni adimu. Haisemi kwamba mama huyu ana uwezekano wa 1 kati ya milioni 73 wa kutokuwa na hatia. Mama kuua watoto wake wawili mfululizo nalo ni jambo adimu sana. Ulitakiwa uweke adimu hizi mbili kwenye mizani uone ipi inazidi. Badala yake sentensi ikageuzwa. Novemba 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu wa Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa tamko hadharani kwamba hesabu ile haina msingi. Januari 2003 hukumu ikafutwa, na ikabainika pia kwamba majibu ya maabara kuhusu mtoto wa pili hayakuwa yamefikishwa kwa upande wa utetezi. Mama yule akatoka. Mwaka 2007 akafariki, na familia yake ilisema hakuwahi kupona na yaliyomkuta.

Kwa hiyo mtu asiniambie ni alama 8 tu. Mtoto huyu kesho atakuwa daktari, au hakimu, au mtu wa maabara anayemkabidhi mama karatasi yenye neno "chanya". Kwenye karatasi yake ya mtihani amefanya kile ambacho mahakama nzima ilishindwa kukifanya, na tumempa sifuri.

NYONGEZA, saa nne usiku

Nimesoma majibu yenu. Mdau aliyesema walimu wanadhalilishwa: sijataja shule, sijataja jina, na sitataja. Mwalimu kukosea ni jambo la kawaida. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza madaktari na wanafunzi 60 pale Harvard swali la aina hiihii, na waliopata asilimia 2 walikuwa 11 tu. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa hilohilo 95. Kwa hiyo simcheki mwalimu, swali hili linawakamata wakubwa. Ninachokataa ni kuonyeshwa hesabu na kukataa kuitazama.

Aliyeuliza kwa nini asilimia 2 wakati kipimo ni kizuri hivyo: kwa sababu ugonjwa ni adimu. Wazima ni wengi mno, kwa hiyo makosa madogo juu yao yanazidi wagonjwa wote waliopo. Ndiyo maana jibu chanya la kwanza hufuatwa na kipimo kingine cha kuthibitisha. Badilisha swali, sema ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 2, na jibu litapanda kupita asilimia 95. Kipimo ni kilekile. Mwalimu angeweka 95 kwenye maswali yote mawili, na hapo angejua mwenyewe kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Sasa jambo lililonifanya niwashe simu niandike yote haya. Leo jioni nilimkuta kijana mezani anarudia swali lile. Nikafurahi. Nikasogea nione, nikakuta ameandika 95. Nikamuuliza, baba, vipi tena? Akasema, "Shangazi, najua ni mbili. Lakini mtihani ukija nitaandika wanayoitaka wao."

Mnanielewa? Amejifunza kuandika asichokiamini.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya taaluma. Nakwenda na karatasi yake, na punje 999 za mahindi kwenye mfuko, hamsini nimezipaka wino, na punje moja ya maharage. Nitazimwaga mezani tuhesabu wote, mwalimu wa hesabu akiwepo. Nataka alama 8 za mtoto zirudi, na nataka azisikie kwa mdomo wa mwalimu, mbele ya darasa lilelile aliloambiwa asome swali.