Mjadala: Wenye nyumba za kale Ujiji wafundishwe nini hasa?

Mtoa mada
Wakuu, habari za mchana.

Kila zikitajwa nyumba za kale hapa Ujiji, jibu ni lilelile: wananchi wapewe elimu. Elimu ipi? Kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871? Hilo watoto wa shule ya msingi wanalo. Kwamba misafara ya pembe na watumwa ilitoka hapa ikapita Tabora hadi Bagamoyo? Nalo tumelisikia tangu utotoni. Mimi nasema mwenye nyumba aambiwe sheria inasemaje kuhusu nyumba yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze. Lakini mlango au fremu ya nakshi inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1940. Yaani nyumba ya miaka ya 1920 inaweza kuwa na mlango unaolindwa na ukuta usiolindwa! Wangapi mtaani wanajua? Dalali anajua. Ndiyo maana akija anaulizia mlango, haulizii nyumba.

Karibuni, bila matusi.

Mrithi
Umenena, lakini umeruka penye maumivu. Nyumba ya babu yetu ina warithi wengi, wengine wako Dar, mmoja yuko Bujumbura. Chumba cha uani kinavuja tangu masika. Kila mtu anataka haki yake, hakuna anayetaka kuchangia bati. Stesheni ya Kigoma imesimama tangu reli ilipofika 1914 kwa sababu ina mwenyewe wa kuilipia. Ya kwetu ataihudumia nani? Nipe semina, nipe na soda, nikirudi nyumbani paa bado linavuja.

Fundi wa kuta
Mimi sina la sheria. Nachoona kazini ni kwamba nyumba nyingi za udongo zinauawa na wenyewe kwa nia njema. Mtu akipata vijisenti anapiga lipu ya saruji ukuta mzima, unang'aa. Maji yanapanda kutoka chini, na kwa nje hayapati pa kutokea. Baada ya muda ukigonga unasikia uwazi. Lipu inadondoka bamba zima, nyuma yake tofali limekuwa unga. Ukuta wa udongo pigeni udongo, juu yake chokaa, na mfereji wa maji ya mvua uwe mbali na msingi. Hiyo ndiyo elimu, na haihitaji ukumbi.

Wa Tabora
Huku kwetu Kwihara lipo tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872, na linatunzwa. Nyumba ambayo hakulala Mzungu, nani anaiulizia? Ujiji na Kwihara ziliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ya maeneo yanayosubiri kuwa Urithi wa Dunia, pamoja na njia yote ya watumwa na pembe. Lakini orodha ya awali ni foleni tu jamani, haiezeki nyumba ya mtu. Msimdanganye mwenye nyumba kwamba watalii wanakuja kesho.

Mtoa mada
Mrithi, nakubali. Wenye nyumba wakiambiwa wasibomoe, waambiwe hapohapo na manispaa itawapunguzia nini. Bila hivyo ni amri tu, si elimu.

Mrithi
Na nikuulize: ukitangaza mtaa mzima kwamba mlango wa kabla ya 1940 unalindwa, unadhani tutaulinda? Wengine watauondoa usiku uleule kabla afisa hajafika.

Mtoa mada
Inawezekana kabisa. Kwa hiyo milango ipigwe picha kwanza, nyumba kwa nyumba, mwenyekiti wa mtaa abaki na nakala. Mikutano ifuate.

Mrithi
Mwenyekiti wa mtaa yupi? Huyohuyo anayetembea na dalali?