Virusi vimeondoka wiki ya 4 sasa ila tumbo limegoma kurudi, nisaidieni

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu habari zenu, nipo Tanga mjini. Mwezi uliopita nyumba nzima tulikamatwa na kuharisha na kutapika, kaanza mdogo wangu, kesho yake mimi, halafu mama, hospitali wakasema ni virusi hapo hamna antibayotiki, kunyweni ORS mpumzike. Siku 3 wenzangu wakapona. Mimi homa hamna, kutapika hamna, lakini tumbo linajaa gesi linaunguruma mpaka wateja dukani wanageuka, asubuhi nikishanywa chai tu nusu saa haifiki nakimbilia chooni. Kwa vile nilikonda nikasema nirudishe mwili, nagonga maziwa nusu lita asubuhi nusu lita jioni, si mnajua Tanga maziwa hayajawahi kuwa shida, hali ndo kwanza inazidi. Nikanunua Flagyl duka la dawa nikameza siku 5, mdomo mchungu kama nimelamba sarafu na tumbo liko palepale. Jirani anasema nimetupiwa kitu.

Wa Pongwe
Utupiwe na nani, umejitupia maziwa mwenyewe 😂

Nesi mstaafu
Pole mwanangu. Huyo anatania ila kagusa penyewe. Virusi vya tumbo vinachubua ukuta wa utumbo mdogo, na hapo ndipo kinapotengenezwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kikipungua ile sukari inashuka hivyohivyo mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndo hiyo gesi na kuharisha. Mara nyingi inarudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Acha maziwa na chai ya maziwa wiki 2, kunywa ya rangi, kula wali, ndizi za kupika, samaki wa kuchemsha. Mtindi jaribu kidogokidogo baadaye, wengi unawakubali. Na hiyo Flagyl haiui virusi, usirudie kujiandikia dozi.

Mlonge na Asali
Chemsha mwarobaini glasi 1 asubuhi na jioni siku 7, utanishukuru.

Nesi mstaafu
Mwanangu, tumbo lenyewe limechubuka unalimwagia mwarobaini? Hapana. Tena wiki 4 ni nyingi, nenda kapime choo, giadia, kile kijidudu cha tumboni, nayo inaleta gesi hivihivi. Ukiona damu, homa, unazidi kukonda au kuharisha kunakuamsha usiku, hapo usisubiri wiki 2 ziishe.

Shangazi Raskazone
Mi lilinisumbua miezi 5 baada ya ugonjwa kama huo, vipimo vyote safi, daktari akasema utumbo umebaki na hasira. Maharage na pilipili ndo vilikuwa vinanimaliza, na mawazo, siku ya marejesho ya kikoba lazima niharishe.

Mtoto wa Ngamiani
Narudi baada ya siku 9. Choo nimepima hamna giadia hamna amiba. Maziwa nimeacha, siku ya 4 tu muungurumo ukapungua, sahivi chooni mara moja asubuhi basi. Sema jumamosi nilienda harusini Makorora nikaona pilau nikajisahau, juu yake nikapiga aiskrimu, usiku huo niulizeni nyie. Nesi shikamoo, siku za maziwa zinaanza kuhesabiwa upya au naendelea nilipoishia?

Nesi mstaafu
Marahaba. Anza upya. Pilau ungekula kidogo tu, aiskrimu ndo maziwa yenyewe hayo mwanangu.